Heko Mafundi wa Grogan

Peugeot 504, iliyozinduliwa mwaka 1968 na kushinda Safari Rally mwaka 1975, ni gari lililodumu Kenya, na kwa hilo heko ziwaendee mafundi wa magari kama wale wa eneo la Grogan, Nairobi. Wanajua kwamba gari kuukuu halihitaji mfumo mpya wa mbele: bushi, boljointi na tairodi zikibadilishwa, kisha magurudumu yakanyooshwa kwa kipimo, usukani hutulia kwa gharama nafuu. Wapo wanaodai kwamba unafuu huu ni hatari. Hoja hiyo ina uzito kwa vipuri bandia au vilivyochakaa. Lakini fundi stadi hulitikisa gurudumu, huusikiliza ulegevu, na hukataa kufunga boljointi iliyokwisha. Tuwalipe haki yao, wala tusiwashurutishe kufunga kipuri kibovu.