Mbichi, Mbivu na Kuukuu: Kuihukumu Chai ya Rungwe kwa Kiswahili

Katika kurasa za aina hii shairi huhakikiwa kwa vina, mizani, lugha na maudhui, wala hapana msomaji anayeshangaa. Chai, ambayo imo katika kila baraza tunamosomeana mashairi hayo, haijapata mhakiki. Tunaisifu kwa maneno mawili matatu, kwamba ni nzuri, ni kali, ni nyepesi, kisha tunaendelea na mazungumzo. Makala haya yanakusudia kuihukumu chai ya Rungwe kwa vigezo, na kuilinganisha na pu-erh, chai ya Yunnan huko Uchina ambayo huwekwa kwa miaka mingi ili ikomae. Dai langu ni kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kufanya kazi hiyo, mengine yakiwa sahihi kuliko ya lugha zinazotumika sasa, na kwamba kutoyatumia kunamgharimu mtu: yule anayechuma majani.

Tuanze na sisi watu wa pwani. Chai isiyo na maziwa twaiita chai ya mkandaa. Jina hilo limetokana na gome la mti wa mikokoni, ambalo wazee walilitumia kwa kutia rangi. Maana yake ni kwamba tuliipa chai jina kwa rangi yake, si kwa ladha. Ladha tuliiachia iliki, tangawizi, mdalasini, karafuu na mchaichai, na juu ya yote sukari. Siwalaumu wazee wetu. Chai ya viungo ni sanaa kamili yenye kanuni zake. Lakini katika sanaa hiyo jani ni karatasi tu, na kiungo ndicho wino. Aliyelelewa kwa chai hiyo anaweza kutambua iliki ya zamani kwa harufu moja, na asiweze kusema kama jani alilolinywea limetoka Rungwe, Mufindi au Kericho.

Na Rungwe si mahali pa kusahauliwa katika habari za chai. Mche wa chai ulipandwa Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na Kyimbila, karibu na Tukuyu, mwaka 1904, wakati wa Wajerumani. Kilimo cha biashara katika Tanganyika kikaanza mwaka 1926, wakati wa Waingereza. Udongo wa huko ni wa volkano, mlima wenyewe unapata kimo cha karibu mita 2,960, na mvua inayonyesha katika miteremko ya Tukuyu inazidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mashamba ya chai yamechanganyika na migomba na miparachichi, na wakulima wadogo kwa miaka mingi wamekuwa wakipeleka majani yao katika viwanda vya Katumba na Mwakaleli, hiki cha pili kikiwa Busokelo.

Mchai wa Rungwe si mgeni kwa mchai wa Yunnan. Yote miwili, kwa sehemu kubwa, ni ya jamii ya majani mapana ambayo wataalamu huiita Assam. Kinachotofautisha ni kazi ya mkono na ya mashine baada ya kuchuma. Rungwe majani hunyaushwa, hupondwa, huchanwa na kuviringishwa na mashine zijulikanazo kwa herufi CTC, huachwa yabadilike rangi kwa hewa, kisha hukaushwa kwa joto kali. Matokeo yake ni punje ndogo zinazotoa rangi upesi. Yunnan majani hukaangwa kidogo, husokotwa, huanikwa juani, hufukizwa kwa mvuke na kugandamizwa kuwa kama mkate wa duara, ambao kwa desturi una uzito wa gramu 357. Jua haliui kila kitu ndani ya jani kama linavyoua tanuri, na kwa hiyo mkate huo huendelea kubadilika kabatini mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1973, huko Kunming, mafundi walipata njia ya kufupisha safari hiyo: majani hurundikwa, hunyunyiziwa maji na kufunikwa, yakapata joto lake yenyewe na kugeuzwa mara kwa mara kwa muda wa majuma kadhaa, vijidudu vikifanya kazi ambayo zamani ilifanywa na miaka.

Nililinganisha vikombe vinne. Cha kwanza ni chai ya Rungwe ya msimu uleule. Cha pili ni chai ya wilaya hiyohiyo iliyokaa ndani ya kopo miaka 4. Cha tatu ni pu-erh ya njia ya zamani, yenye umri wa miaka 15. Cha nne ni pu-erh ya lundo, ya miaka 10. Hizo mbili aliniletea jamaa yangu afanyaye biashara Guangzhou. Nilizionja kwanza katika kijiji kilicho juu ya Katumba, kisha Unguja, zote bila sukari wala maziwa.

Jambo la kwanza la kusemwa ni maji. Ya Rungwe ni laini, na kwa sababu ya mwinuko huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Ya kisima cha Unguja yamepita katika jiwe la matumbawe na yamebeba chokaa. Chai ileile ikawa nyeusi zaidi, ikaweka utando juu na kupoteza uchangamfu wake. Mhakiki wa chai asiyetaja maji aliyotumia ni sawa na mhakiki wa diwani asiyetaja toleo alilosoma. Hukumu zinazofuata ni za maji ya Rungwe.

Kikombe cha kwanza kina sifa ambazo hatupaswi kuzionea haya. Rangi ni nyekundu yenye kung'aa, ukali unakuja mara moja, na ukakasi wake ni safi, unaukaza ulimi bila kuuchubua. Kasoro yake ni kwamba kinasema yote kwa pumzi moja. Maji ya kwanza yana kila kitu, maji ya pili hayana kitu, na baada ya kumeza hakibaki cha kukumbuka. Ni shairi lenye ubeti wa kwanza mzuri, lisilo na wa pili. Kikombe cha pili ni hicho hicho kilichochakaa: rangi imefifia, harufu imekuwa ya karatasi. Umri haukukipa chochote, kwa kuwa mashine na tanuri hazikubakiza cha kukua.

Kikombe cha tatu kilinywewa maji saba, na kila maji yalikuwa na habari yake. Kinaanza na harufu ya mbao zilizokaa ndani ya sanduku, kinapita katika uchungu, kisha baada ya kumeza utamu huja kutoka kooni. Mama mwenyeji wetu, aliyechuma chai tangu ujana wake na ambaye, kwa maelezo yake, hakuwahi kuinywa bila sukari, alikaa nacho kitambo, akasema: "Inakwaruza kama ndizi mbichi, halafu inarudi tamu." Wachina wana istilahi ya jambo hilo, na tafsiri yake ni utamu unaorudi. Yeye hakuwa na habari nayo. Alipoletewa kikombe cha nne, cheusi, kizito, chenye harufu ya udongo baada ya mvua, alikinusa tu, akasema: "Hii imevundikwa, mzee."

Nimekuwa mfasiri kwa miaka mingi, na neno hilo lilinitosha kwa safari nzima. Wachina hugawa pu-erh katika mafungu mawili. La kwanza huitwa sheng, la pili shou. Anayefasiri kwa Kiingereza hutaabika, kwa kuwa neno sheng lina maana ya chakula kisichopikwa na pia tunda lisilokomaa, naye hana budi kuchagua moja. Neno shou nalo ni la chakula kilichopikwa na la tunda lililokomaa pia. Kiswahili hakimlazimishi mtu kuchagua. Nyama mbichi na embe bichi ni neno moja. Wali ulioiva na papai lililoiva ni neno moja. Na ile kazi ya lundo lililofunikwa, ambayo vitabu vya kigeni huieleza kwa sentensi nzima, kwetu ni kitenzi kimoja, kuvundika, alichokitoa mchuma chai kwa kunusa, kwa kuwa amevundika ndizi maisha yake yote.

Kitenzi hicho kina ndugu yake, kuvunda, na hapo ndipo uhakiki unapoanza. Baina ya kilichovundikwa na kilichovunda pana hatua fupi, na pu-erh nyingi imeivuka. Vivyo hivyo tuna kukomaa na kuchakaa, kongwe na kuukuu. Kikombe cha tatu ni kikongwe. Cha pili ni kikuukuu. Cha nne kimeiva, lakini nasema wazi kwamba hakikunipendeza kama cha tatu: kina uzito bila mwendo. Tusiuabudu umri. Huko Uchina kwenyewe watu walikimbilia kununua mikate ya pu-erh kama dhahabu, na mwaka 2007 bei ikaporomoka, wengi wakabaki na mali isiyo na mnunuzi.

Msomaji atauliza faida ya maneno haya yote. Jibu liko mnadani. Chai nyingi ya Afrika Mashariki huuzwa Mombasa, katika mnada ulioanza Nairobi mwaka 1956. Mwaka 2023 mwingine ulifunguliwa Dar es Salaam. Kabla ya mnada, mwonjaji hupita mbele ya safu ya vikombe, huvuta chai kwa kijiko, huitema, na kuandika maneno machache ya Kiingereza: ing'avu, changamfu, ya rangi ya shaba, bapa. Maneno hayo ndiyo yanayoelekeza bei. Mkulima wa Rungwe hulipwa kwa kilo ya majani mabichi. Anaambiwa achume majani mawili na chipukizi, wala haambiwi kikombe chake kilisemwaje. Ananyimwa hukumu ya kazi yake mwenyewe. Mtunzi anayelipwa kwa idadi ya beti, asiyewahi kusomewa tahakiki hata moja, atazidisha beti. Tusishangae basi kwamba chai yetu imekuwa ya kutia rangi katika michanganyiko ya wengine.

Sisemi Rungwe waache chai yao waige Yunnan. Jina la pu-erh lenyewe, kwa kanuni za Uchina, ni la majani ya Yunnan peke yake. Lakini ng'ambo ya Ziwa Nyasa, huko Thyolo nchini Malawi, shamba la Satemwa limetengeneza chai ya kuvundikwa kwa majani yaliyokulia Afrika, na hilo latosha kuonyesha kwamba jani letu halina upungufu. Kilichopungua ni mtu wa kuliuliza jambo jingine zaidi ya rangi.

Kazi ya kuanzia ni ndogo, na ni ya kwetu sisi wenye kalamu. Ukakasi, ugwadu, uchachu, uchungu, uchangamfu, utamu unaorudi, uzito, mwendo, kukomaa, kuvundika, kuchakaa: hayo ni maneno kumi na moja, na hakuna hata moja lililoazimwa kwa ajili ya makala haya. Yaandikwe kwenye karatasi ya mwonjaji, na karatasi hiyo irudi kijijini pamoja na malipo. Mkulima akijua kikombe chake kilikuwa na ukakasi safi lakini hakikuwa na mwendo, atakuwa na swali la kumuuliza mwenye kiwanda; na mwenye swali, hata kama halijajibiwa, si mtu wa kupimiwa kilo tu.