Mbunge wa Karagwe Tumsome Wapi?

Ukitoka Kyaka kuja Karagwe utafika Omurushaka, njia panda ambapo barabara nyingine inachepuka kwenda Nkwenda na hatimaye Murongo, mpakani na Uganda. Mtaje hapo Sir George Kahama mbele ya mtu mwenye mvi na utapewa habari za asubuhi nzima. Taja kitabu kinachosimulia maisha yake, na wewe ndiye utakayeanza kuulizwa: kipo? Kinauzwa wapi?

Kipo. Kinaitwa *Sir George: A Thematic History of Tanzania Through His Fifty Years of Public Service*. Kimeandikwa na Joseph Kulwa Kahama na kuchapishwa Beijing mwaka 2010. Jina lenyewe linakutangazia mpango wake: historia ya Tanzania, mada kwa mada, kupitia miaka hamsini ya utumishi wa mtu mmoja.

Tukipe kwanza haki yake. Wabunge wetu wengi wa vijijini hawaachi kitabu. Wanachoacha ni ule wasifu wa marehemu unaosomwa siku ya mazishi: alizaliwa wapi, alisoma shule gani, alishika vyeo gani, ameacha mjane na watoto wangapi. Karatasi inakunjwa, watu wanakwenda kula, basi. Kwa hiyo kitabu kizima ni jambo la kushukuru. Na maisha haya yalistahili kitabu. Kahama alizaliwa Karagwe mwaka 1929. Alikuwa meneja wa ule ushirika wa kahawa wa Bukoba, BNCU. Mwaka 1959 akawa mmoja wa mawaziri watano wa kuchaguliwa katika serikali ya kikoloni iliyokuwa inaelekea mlangoni. Siku ya Uhuru ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Baadaye aliongoza NDC, kisha CDA iliyopewa kazi ya kujenga makao makuu Dodoma, kisha akawa balozi China. Hata hiyo "Sir" watu huidhania ya Malkia wa Uingereza, kumbe alitunukiwa na Papa.

Sasa tuje kwenye ubishi wangu. Kupanga maisha ya mtu kwa mada kuna faida: msomaji anayetaka habari za viwanda anajua afungue wapi, anayetaka habari za Dodoma vilevile. Lakini mtu haishi kwa mada. Kuna uzi mmoja unaopita katika maisha ya Kahama kutoka mwanzo hadi mwisho, nao ni kahawa. Ujana wake aliutumia kuujenga ushirika. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika, na yeye wakati huo alikuwa Dodoma, mtumishi wa serikali hiyohiyo. Sheria ya 1982 ikavirudisha, lakini havikurudi na nguvu zile. Miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Halafu, katika serikali ya pili ya Mkapa, mzee wa miaka sabini na ushee akapewa Wizara ya Ushirika na Masoko, huku akiwa mbunge wa Karagwe.

Hicho ndicho kisa. Mtu anarudi kuinua nyumba aliyoijenga kijana, nyumba iliyobomolewa na serikali aliyokuwa akiitumikia. Na jimboni kwake kuna mkulima anayeuza kwa butura, yaani kahawa ingali mbichi shambani, kwa bei ya njaa, kwa sababu ada ya shule haingoji msimu. Mwandishi wa riwaya angelipa pesa apate mgongano kama huo. Ukiutawanya kwenye mada tano, unabaki na taarifa sahihi ambazo hazimuumi mtu.

Mtu ataniambia: acha vitabu, kasome Hansard. Naipenda Hansard, na nadhani sisi wapenzi wa fasihi tumeidharau. Iko kwa Kiswahili, ina kanuni zake kama utenzi. "Mheshimiwa Spika, je, Serikali ina mpango gani..." Na jibu: "kadiri fedha zitakavyopatikana". Ukisoma ya miaka kumi mfululizo unaona swali lilelile likirithiwa na mdomo mpya. Kila kilomita ya lami huko kwetu, pamoja na zile 59.1 za Kyaka hadi Bugene, ilianza kuishi kama sentensi ya namna hiyo.

Ila Hansard ina shimo moja, na Kahama anaangukia humohumo. Waziri haulizi maswali bungeni, waziri anajibu. Mbunge akipewa uwaziri, jimbo lake linapata mtu mezani lakini linapoteza sauti kwenye kumbukumbu. Hasimami kuibana serikali kuhusu bei ya kahawa, maana serikali ni yeye. Si jambo lililoishia kwake: Innocent Bashungwa, mbunge wa Karagwe tangu 2015, naye amekaa kwenye uwaziri miaka mingi. Kadiri mbunge anavyopanda, ndivyo kijiji chake kinavyonyamaza kwenye maandishi.

Ndiyo maana nakidai zaidi kitabu cha maisha. Ni mahali pekee panapoweza kujaza ule ukimya: alimwambia nini mkulima wa butura? Alirudi Dodoma na mzigo gani moyoni? Na kitabu cha namna hiyo hakiwezi kuwa cha Kiingereza peke yake. Karagwe imeandikwa mara nyingi na kusomwa mbali. Speke alimkuta Mtawala Rumanyika mwaka 1861, na miaka miwili baadaye Waingereza walikuwa wanasoma habari zake. Historia ya Wanyambo ya Israel Katoke ilitoka Nairobi mwaka 1975, kwa Kiingereza. Kahama akatokea Beijing, kwa Kiingereza. Wakati huohuo Mzee Mwinyi alipotoa *Mzee Rukhsa* mwaka 2021, kwa Kiswahili, hakuna aliyesema rais ameshuka hadhi.

Sir George alifariki Machi 2017. Wale waliouza kahawa BNCU ikiwa na nguvu wanapungua kila mwaka, na wao ndio mashahidi wa sura ninayoililia. Toleo la Kiswahili lifanywe wangali wapo, liwe na sura nzima ya Karagwe iliyoandikwa kwa kuwahoji wao, na nakala za kwanza zishushwe Omurushaka kabla ya kufika Dar.