Gustave, mamba-mutu na njia ya kwenda kuchota maji

Wenzangu, haupiti mwaka bila mtu kuturudishia kwenye grupu ile filamu ya Primeval na kuandika chini: "Hii ni ya kwetu!" Basi nimeiangalia yote, mwanzo mpaka mwisho, na swali moja kichwani: ni ya kwetu kweli? Nasema hapana. Na sisemi hivyo kwa sababu ilipigwa Afrika Kusini, wala kwa sababu mamba wake ni wa kompyuta. Hayo ni madogo.

Kwanza tutenganishe ukweli na chumvi. Gustave alikuwako. Jina alipewa na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi miaka mingi na kumfuatilia. Alionekana Ruzizi na kwenye mwambao wa kaskazini wa Tanganyika, yaani maji haya haya tunayoogea; mamba haonyeshi kitambulisho pale Kavimvira. Alikadiriwa kupita mita 6 na kilo 900, lakini ni makadirio ya macho tu, maana hakuna aliyemshika akampima. Mwaka 2004 ilitoka dokumentari kuhusu jaribio la kumnasa kwa tundu kubwa la chuma. Hakuingia. Na ile hesabu ya watu 300 inayozunguka kila mahali, mimi sijaona orodha ya majina nyuma yake.

Primeval ilitoka 2007. Wanahabari wa televisheni wanatumwa kutoka Marekani kuja Burundi kumkamata Gustave akiwa hai. Kwa nini sasa? Kwa sababu amemuua mtafiti mzungu aliyekuwa akichunguza kaburi la halaiki kando ya mto. Wanakijiji waliokufa kabla yake hawakuwa habari. Filamu yenyewe inalijua jambo hilo, inaligusa kidogo, kisha inaliacha na kukimbilia damu.

Maelezo yake makubwa ni haya: vita vilitupa maiti mtoni, mamba akazoea nyama ya mtu. Hata mbabe wa vita amepewa jina la Little Gustave, ili tusikose kuelewa. Wazo hilo si la kijinga. Vita vya Burundi vilianza 1993, na maiti kwenye Ruzizi si jambo la kutunga. Lakini ni wazo linaloturidhisha haraka mno. Kama mamba anakula watu kwa sababu ya vita, basi siku vita vikiisha tuko salama. Nani hapa Uvira anaweza kuapa hivyo? Mamba wa aina hii hahitaji vita. Anahitaji maji yasiyoonekana ndani, ukingo, na mtu anayerudi pale pale, saa ile ile.

Kuna kichekesho kimoja: matangazo ya filamu hiyo yalimficha mamba kabisa, yakaiuza kama hadithi ya binadamu muuaji. Watu wengi waliingia ukumbini hawajui kwamba wanaenda kuona mamba. Wao walifanya hivyo kwa ajili ya tiketi. Sisi tunayo hadithi ya mamba ambaye ni mtu, na tunayo tangu zamani.

Ni mamba-mutu. Lubumbashi wanamwita mamba-muntu, na wachoraji wa kule wa miaka ya 1970 walimpaka kama mwanamke mwenye mkia wa samaki. Picha hiyo ilitundikwa kwenye saloni za watu wengi. Anampa mwanaume utajiri, lakini kwa masharti: utunze siri, na mara nyingi utoe na uhai wa ndugu yako. Kama hadithi, mimi naona inaishinda Primeval mbali sana. Haituambii tu kwamba majini kuna hatari. Inauliza: hizi mali zimetoka wapi, na nani amezilipa? Swali hilo lina kazi katika nchi yetu kuliko milio yote ya bunduki ya Hollywood.

Lakini mamba-mutu ana mdogo wake, na huyo ndiye ninayemuogopa: mamba wa kutumwa. Mtoto anachukuliwa na mamba, na kabla matanga hayajaisha sauti inapita: "Eti yule mamba alitumwa." Alitumwa na nani? Hapo hadithi haimtafuti tena tajiri. Inamtafuta mzee anayekaa peke yake, mama mjane asiye na mtoto wa kumsemea. Wote tunajua mambo haya yanakoishia Kivu Kusini. Septemba 2021, huko Kalehe, kuna wamama waliouawa kwa kushutumiwa uchawi tu. Ndiyo maana sikubali tuseme "ni hadithi tu". Hadithi inayonyoosha kidole inaweza kuua, hata kama mamba hayupo.

Basi kipi kinakosekana, kwao na kwetu? Njia ya kwenda majini. Filamu inamwangalia mnyama. Uvumi unamwangalia jirani. Hakuna anayeuliza kwa nini yule mtoto alikuwa ziwani saa kumi na mbili asubuhi na bidoni mkononi. Jibu wote tunalijua: robine ilikuwa kavu.

Na hili si la kubuni. Utafiti uliofanywa hapa hapa Uvira, uliochapishwa 2015 katika jarida la PLOS Medicine, ulionyesha kwamba siku zinazofuata baada ya maji ya bomba kukatika, wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kipindupindu wanaongezeka. Sababu inaeleweka: robine ikikauka, watu wanateremka ziwani na mtoni. Utafiti ule ulihesabu kipindupindu, haukuhesabu mamba. Lakini njia ni ile ile moja. Ongeza na hili: kuanzia 2020, na tena 2024, ziwa limepanda likaingia kwenye nyumba za kando. Ukingo umesogea mpaka karibu na jiko. Mamba hakubadilika tabia, tumekaribiana tu.

Kwa hiyo nina ombi kwa sisi tulioandika memwari na kuvaa toga. Siku nyingine mtu akichukuliwa na mamba, kabla ya kutuma picha na kuandika "Gustave amerudi", ulizeni mambo matatu: ilikuwa saa ngapi, ilikuwa upande gani wa ukingo, na robine ya karibu ilikuwa na maji siku hiyo? Andikeni majibu, yawekwe pamoja, mwezi kwa mwezi. Mji huu una kituo chake cha utafiti wa mambo ya maji, CRH. Hatuhitaji kungojea timu ya televisheni kutoka mbali.

Mamba-mutu tuendelee kumsimulia watoto, ni mali yetu. Primeval pia iangalieni kama mna usiku wa kupoteza. Lakini ile orodha ya saa, mahali na robine haijaandikwa na mtu. Nani anaanza na kartye yake?