Habari za Kitabu: "Juliasi Kaizari"

Jina la Kaisari twalijua sote tangu utoto. Twalisikia katika habari za kuzaliwa kwa Bwana, Kaisari Augusto alipoamuru watu waandikwe. Tena katika habari za dinari na kodi. Lakini wachache huuliza jina hilo lilitoka kwa nani. Lilitoka kwa mtu mmoja, Julius Caesar wa Roma. Na kuanguka kwake ndiko kiini cha kitabu nitakacho kukisifu leo, na kukitia kasoro kidogo.

Mchezo huu ulitungwa na Shakespeare, Mwingereza, yapata mwaka 1599. Aliyeufasiri kwa Kiswahili ni Mwalimu Julius Nyerere. Tafsiri yake ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963. Baadaye akaisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la "Juliasi Kaizari". Mkuu wa nchi, mwenye shughuli nyingi kuliko sisi sote, hakuona haya kurudia kazi yake na kuitengeneza. Walimu wenzangu, hapo pana somo.

Wapenda mashairi watalalamika kwamba mistari yake haina vina. Nami nilinung'unika hivyo mwanzoni. Walakini Shakespeare mwenyewe hakutia vina katika sehemu kubwa ya mchezo huu, wala watu wanaogombana hawasemi kwa vina. Tena si kwamba mfasiri hakuviweza: mwaka 1996 tenzi zake za Enjili na za Matendo ya Mitume zilitolewa na Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho, jirani zetu, nazo zina vina na mizani yake. Basi hapa aliviacha kwa kusudi, na alifanya vema.

Kasoro ya kwanza ni ya mtungaji, si ya mfasiri. Mchezo waanza mlima ukiwa umekwisha kupandwa. Hatuoni jinsi Kaisari alivyopigana miaka mingi, tangu mwaka 58 kabla ya Kristo, katika nchi iitwayo leo Ufaransa, akapata mali na askari wanaompenda yeye kuliko sheria. Hatumwoni mwaka 49 akivuka mto Rubicon pamoja na jeshi, jambo lililokatazwa. Wala mwaka 48 akimshinda Pompeius mpinzani wake. Wala mwanzoni mwa mwaka 44 akipewa utawala wa pekee usio na mwisho. Mwalimu asipoyaeleza hayo kwanza, wanafunzi watamdhani Brutus kuwa mwuaji tu, na Kaisari kuwa mzee mwenye majivuno tu.

Kaisari aliuawa tarehe 15 Machi, mwaka 44. Mchezo una sehemu 5, naye afa mwanzo wa sehemu ya 3. Mbona basi maneno ni mengi baada ya kifo chake? Kwa sababu mtungaji ataka tuulize: nini hufuata? Brutus alitamani kuiua roho ya Kaisari, yaani tamaa ya kutawala peke yake, bila kuumwaga damu mwili wake. Jambo hilo haliwezekani kwa kisu. Mwaka 42, karibu na Filipi, mji ule ule ambao Wakristo wake waliandikiwa barua na Mtakatifu Paulo baadaye, Brutus na Cassius walishindwa wakajiua. Na mwaka 27 Octavianus, mjukuu wa dada yake Kaisari, akapewa jina la Augusto. Waliomwua Kaisari mmoja walifungulia mlango Makaisari wengi.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Watu wa mji wamefanywa kama majani, wayumba kwa Brutus, kisha kwa Antonius. Wamwua hata Cinna mshairi, asiye na kosa, kwa kuwa jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji. Lakini njaa yao na shida zao hazielezwi, na mtu asiyeelezwa shida zake huonekana mpumbavu upesi. Hata hivyo tusimwache Cinna apite. Ni mara ngapi nasi tumemhukumu mtu kwa uvumi wa jioni moja?

Jioni moja baada ya kuchuma kahawa niliwasomea wazee wa hapa Litembo sehemu ya 3. Walinyamaza kitambo. Kisha mzee mmoja akasema: "Mwalimu, ukibomoa kingo za ngolo kwa sababu zimeota magugu, mvua itachukua magugu, na mbegu, na udongo wote. Palilia, usibomoe." Sijasoma maelezo ya mchezo huu yaliyo mafupi na bora kuliko hayo.

Wala Kaisari hana udhuru. Aliyeanza kubomoa kingo ni yeye, alipovuka mto ule, Brutus alimalizia. Mfasiri wetu, Julius wa pili, aliacha urais mwaka 1985 kwa hiari yake, akarudi kwao Butiama, na alipofariki mwaka 1999 hakuna kisu kilichomgusa. Sisemi kwamba alifundishwa na mchezo huu. Nasema tu kwamba msomaji aweza kuwaweka Julius hao wawili kando kwa kando, akafikiri.

Kitafuteni kitabu hiki, mkakisome kwa sauti nyumbani, na watoto wakisikia. Mkifika kwa Cinna, pumzikeni kidogo kabla ya kufungua ukurasa.