Boudin na Matajiri Wasio na Nyuso

Zitazame picha za rangi za maji ambazo Eugène Boudin alizichora miaka ya 1860 katika ufuko wa Trouville, kaskazini mwa Ufaransa, utafute uso wa mtu. Huupati. Mabibi wa Paris waliokuja kupunga hewa wameketi vitini wakitupa mgongo, na aliyegeuka ana tone tu la rangi mahali pa macho na pua.

Mpangilio wa picha ndio unaotaka hivyo. Mstari wa upeo umeshushwa chini, anga ikatwaa sehemu kubwa ya karatasi, na watu wakabanwa katika ukanda mwembamba kati yake na mchanga. Penseli hutangulia kwa mistari ya haraka, kisha rangi hafifu za kijivu na buluu hupita juu yake. Gauni jeupe halipakwi: ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi na kuzungushiwa kivuli. Doa jekundu la shali hulishika jicho lisiteleze hadi ukingoni.

Mawingu ndiyo yaliyoufunza mkono huu. Mwana huyu wa baharia, aliyezaliwa Honfleur mwaka 1824, alikuwa na duka la karatasi na fremu Le Havre kabla ya kuishi kwa brashi. Michoro yake ya anga aliiandikia tarehe, saa na upepo. Mwaka 1859 mshairi Baudelaire alisema kuwa hata ukiyafunika maandishi hayo kwa mkono, picha itakujulisha yaliyomo. Anayekimbizana na wingu hana muda wa kuchora kope.

Je, anawakejeli matajiri? Mwaka 1867, akitoka kwa wakulima wa Brittany, alimwandikia rafiki yake kwamba ufuko wa Trouville sasa anauona ni maigizo ya kuchukiza. Mwaka uliofuata akawatetea: nao wanastahili kuchorwa wakitembea machweo. Picha zinazibeba kauli zote mbili. Zinawanyima watu hao nyuso, yaani hadhi waliyozoea kuinunua kwa wachoraji wa studio. Lakini zinawapa mwanga uleule unaopewa mawingu.

Mtindo huu una gharama yake. Ukizipitia picha nyingi mfululizo, ukanda uleule unaanza kuchosha, na hubaki anga tu kuitofautisha siku moja na nyingine. Ila kwa Boudin, tofauti hiyo ilitosha kuwa mada ya maisha mazima.