Msalaba wa Shaba na Wenye Kilima

Katika mji wetu wa Lubumbashi misalaba ni miwili. Wa kwanza ni ule tuufanyao juu ya paji la uso kila asubuhi. Wa pili ni ule wa shaba, ambao bankambo wetu waliusubu kabla hajafika mmisionari hata mmoja, wakautumia kama fedha. Mwaka 1937 Dom Anschaire Lamoral, mmonaki Mbenedikto, alianzisha kwaya ya watoto, akaiunganisha misalaba hiyo miwili katika jina moja: Petits Chanteurs à la Croix de Cuivre, yaani Waimbaji Wadogo wa Msalaba wa Shaba. Mwaka 1960 watu wa siasa nao waliushika: bendera ya Katanga iliyojitenga ilibeba misalaba mitatu ya shaba. Fedha, wimbo, bendera: kitu kimoja kimepita katika mikono mingi.

Juu ya msalaba huo Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa hapa mjini mwaka 1978, ametengeneza filamu. Jina lake ni Tales of the Copper Cross Garden, maana yake Hadithi za Bustani ya Msalaba wa Shaba. Ilionyeshwa katika maonyesho ya sanaa ya documenta ya mwaka 2017, yaliyofanywa Athens na Kassel. Twataka kuipima kwa haki: kwanza tuseme lililo jema, kisha tuseme lililopungua.

Lililo jema ni kubwa. Filamu yatuingiza katika kiwanda cha waya za shaba hapa Lubumbashi. Twaiona shaba nyekundu kwa moto, ikivutwa, ikipunguzwa unene, mpaka inakuwa waya. Twawaona wafanyakazi wakishika kazi yao bila maneno mengi. Na juu ya kelele za mashine yasikika kwaya. Hakuna mtu wa kutuhubiria tufikiri nini. Yapo tu maneno ya kusoma, yaliyotoka kwa V. Y. Mudimbe, mwandishi aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, akalelewa na Wabenedikto, akafariki mwaka 2025.

Mwenye haraka atasema: kiwanda ni kiwanda, kwaya ni kwaya, vyahusiana nini? Lakini wazee wetu wa Kenya na Kamalondo wanajua jibu. King'ora cha Union Minière na kengele ya kanisa viliwaamsha watu wale wale. Baba alikwenda kwenye tanuru, mtoto alikwenda kwenye shule ya misioni, na wote wawili walifundishwa kufika kwa saa, kusimama kwa mstari, kutii. Baloji hakulisema hilo kwa matusi wala kwa kicheko. Aliviweka viwili pamoja, akatuacha tusikie. Sisi tuliofundishwa kuimba na mapadri hatuwezi kuusikia wimbo ule kama zamani. Ni mzuri bado, lakini sasa twajua ni nani aliyelipia uzuri wake.

Basi, limepungua nini? Shaba haizaliwi kiwandani, nayo filamu kwa sehemu kubwa yakaa kiwandani. Shaba yafika mbele yetu ikiwa tayari imetengwa na udongo wake. Twamwona mtu anayeifanyia kazi. Mwenye kilima hatumwoni.

Kosa hili si la Baloji peke yake, maana sisi Wakatoliki tulimtangulia. Mwaka 1926 Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, aliyeliongoza Kanisa la Katanga tangu 1910, alichapa makala yenye jina Les mangeurs de cuivre du Katanga, yaani Walaji wa Shaba wa Katanga. Jina hilo linatoka kwa wenyeji, maana kwenda kuchimba kwao kulikuwa kwenda "kula shaba". Baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, kijiji kizima kilihamia karibu na kilima. Wanawake waliokota mawe ya kijani, wanaume walishuka mashimoni, na mafundi walijenga matanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavuvia moto kwa viriba vya ngozi. Haikuwa kazi ya kila mtu apendavyo. Mkuu wa nchi ndiye aliyefungua majira, na mababu waliombwa kwanza. Twamshukuru Monsinyori kwa kuyahifadhi hayo. Lakini ufundi ulipoingia katika karatasi, kilima chenyewe kilikuwa kimekwisha kuwa mali ya wengine.

Kilichukuliwaje? Kwa kalamu. Tarehe 1 Julai 1885 dola ya mfalme Leopold ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mtu ni ya dola. Lakini kilima kinachochimbwa kiangazi tu, au pori linalopumzishwa baada ya kulimwa, machoni pa mgeni lilionekana halina mtu. Mwaka 1900 ikaundwa Comité Spécial du Katanga kutawala ardhi hii, na mwaka 1906 Union Minière kuchimba madini yake. Baada ya uhuru, sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 iliirudisha ardhi na madini kwa Jamhuri, na watu walishangilia kwa haki. Kisha sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake. Bwana alibadilika jina. Mtu wa kijiji alibaki yule yule, mkaaji anayevumiliwa mpaka siku atakapoambiwa ahame.

Siku hiyo si hadithi ya zamani. Novemba 2009, katika kijiji cha Kawama, karibu na mgodi wa Luiswishi, mamia ya nyumba yalibomolewa kwa mashine mbele ya polisi. Shirika la Amnesty International lilitoa taarifa juu yake mwaka 2014. Ilisemwa kwamba wanafukuzwa wachimbaji wezi, lakini nyumba za watu wasiochimba zilianguka pia. Mtu akiwa hana karatasi, nani atasema kwamba kaburi la babu yake ni ushahidi?

Atajibu mwingine: msanii si hakimu, wala filamu si mahakama. Ni kweli. Lakini anayechagua kuita kazi yake bustani hana budi kukumbuka shamba la Naboti, katika Kitabu cha Wafalme. Mfalme Ahabu alilitaka shamba lile alifanye bustani ya mboga, akatoa bei nzuri. Naboti alikataa, kwa sababu ulikuwa urithi wa baba zake, na urithi hauna bei. Basi zikaandikwa barua, zikapigwa mhuri, akahukumiwa kwa mashahidi wa uongo. Kila bustani yapasa kuulizwa ilikuwa ya nani.

Wala tusiseme kwamba sheria haziwezi kuwajua wenye udongo. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 imezitambua haki za Wambilikimo, wenyeji wa asili, juu ya ardhi na misitu ya mababu zao. Na baadhi yao, Batwa wa Tanganyika, walikuwa pamoja nasi katika Katanga ya zamani. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 yaiamuru kampuni kutoa asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu, na kutia sahihi cahier des charges pamoja nao. Ni kidogo, tena si umilikaji. Lakini ni mlango, na mlango usiobishwa haufunguki.

Hapa ndipo filamu ya Baloji yatufaa, pamoja na upungufu wake. Itazameni mpatapo nafasi, hasa ninyi wanakwaya. Kisha, daftari lile liletwapo kijijini, katekista na walimu wakae na wazee, walisome lote kwa Kiswahili, neno kwa neno, kabla mtu hajatia kidole katika wino. Nasi tusubupo tena msalaba wa shaba kwa altare yetu, tuulize shaba yake imetoka kilima gani, na wenye kilima wanalala wapi usiku huu.