Sura na Ushahidi: Uhakiki wa Picha za Eddie Adams katika Speak Truth to Power

Sehemu hii inahakiki picha za watetezi wa haki za binadamu alizopiga Eddie Adams kwa ajili ya kitabu cha Kerry Kennedy, Speak Truth to Power, kilichochapishwa mwaka 2000. Miongoni mwa waliopigwa picha ni Wangari Maathai wa Kenya na Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini. Picha hizo, za rangi nyeusi na nyeupe, zimeambatanishwa na maelezo ya wahusika yaliyotokana na mahojiano.

Adams alijulikana duniani kwa picha ya tarehe 1 Februari 1968, iliyomwonesha Jenerali Nguyen Ngoc Loan akimpiga risasi mateka katika mtaa wa Saigon. Picha hiyo ilimpatia Tuzo ya Pulitzer mwaka 1969. Hata hivyo, Loan alipofariki mwaka 1998, Adams aliandika katika jarida la Time kwamba picha husema nusu tu ya ukweli. Kwa maoni ya mtafiti, kauli hiyo ndiyo kipimo kinachofaa kwa kazi ya mwaka 2000. Ikiwa picha moja ilitosha kumhukumu mtu, basi picha moja yaweza pia kumtukuza mtu pasi na kueleza alichotenda.

Hatari hiyo inadokezwa na lugha yetu yenyewe, kwani maneno wasifu na sifa yana asili moja: anayemweleza mtu hukaribia kumsifu. Sura ya Maathai pekee haiwezi kueleza kwamba mwaka 1989 alipinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, wala haiwaoneshi wanawake waliopanda miti chini ya Green Belt Movement tangu mwaka 1977. Mambo kama hayo huhitaji maneno.

Udhaifu huo unadhihirika zaidi kwa mtetezi mmoja wa Sudan ambaye jina lake halikutajwa. Utanzu unaotegemea sura na jina humtukuza kwa urahisi yule anayeweza kujulikana na bado akaishi. Aliye hatarini zaidi ndiye anayenufaika kidogo.

Kwa hiyo, mtafiti anahitimisha kwamba nguvu ya kazi hii imo katika kuambatanisha sura na ushahidi. Picha hizo zikitenganishwa na maelezo ya wahusika, zitabaki kuwa sifa bila matendo.